Eka Zilizokosa Pa Kukaa

Tangazo kwa wananchi, wazazi, walimu na wageni waalikwa: jana mchana mimi, Rogasian Mlay, Mkadiriaji Mkuu wa Mazao katika kata ya Chiholwe, niliota ndoto yenye maslahi kwa taifa zima.

Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Cheo nilichopewa na mwalimu wa Kilimo ni cha kushika ncha moja ya kamba. Na ndoto yenyewe sikuiota usiku kitandani kama watu wenye heshima zao. Niliiota wakati wa prepo ya Jumapili, nimelalia kitabu cha Jiografia, mate yakinidondoka juu ya ramani ya Kanda ya Kati, kwa hiyo kwa mara ya kwanza msimu huu maeneo yale yalipata unyevu wa kutosha.

Lazima kwanza nieleze kazi tuliyotumwa, la sivyo msomaji ataniona mwendawazimu kabla ya wakati wake.

Kila mwaka mvua zikiisha, wilaya hutaka kujua kila kata imelima eka ngapi na inatarajia magunia mangapi. Kata yenye upungufu huletewa mahindi ya bei nafuu kutoka ghala la serikali. Kata yenye ziada hupigiwa makofi. Afisa ugani wa Chiholwe ni mmoja, Mama Sekunda, ambaye kila mtu humwita Bibi Shamba, na vitongoji ni vingi, kwa hiyo huja shuleni kwetu kuazima wanafunzi wa kidato cha tatu wanaosoma Kilimo.

Alitufundisha mambo mawili tu, akayarudia mpaka tukawa tunamwigiza bwenini. La kwanza, shamba hupimwa kwa kamba, mipaka yote, na lenye mazao mchanganyiko huhesabiwa mara moja. Chiholwe hakuna mtu anayepanda mahindi peke yake. Kunde hutambaa katikati ya mistari na kujisokotea kwenye mabua, na maboga hulala chini kama walinzi wa usiku. Hilo ni shamba moja. La pili, ili kujua mavuno unasimama pembeni mwa shamba, unalipa mgongo, unarusha kijiti nyuma ya bega, na pale kitakapoangukia unafunga mraba wa kamba kwa vigingi vinne. Kilichomo ndani ya mraba kinavunwa, kinapukuchuliwa, kinapimwa, kisha hesabu yake inaenezwa shamba zima. Alisema tukirusha huku tunaangalia tutachagua pazuri, kama tunavyochagua nyama kwenye sinia.

Mimi na jirani yangu wa dawati, Chidawali, tulipangiwa kitongoji cha mbali chenye jua kali. Tulikaa uani kwa Bibi Nyendo, mjane anayelea wajukuu, akatupa kunde za kuchemsha kwenye bakuli la bati, nasi tukafanya kazi ya serikali tukiwa kwenye mkeka. Nilimwuliza shamba lake la mahindi lina eka ngapi. Akasema mbili. La kunde? Mbili. La maboga? Akanitazama kidogo, pengine akidhani masikio yangu yana kasoro, akasema mbili, mjukuu wangu, mbili hizohizo.

Niliandika sita.

Nilijua nilichokuwa nafanya, sitaki mtu anitetee. Kikundi kitakachopima eneo kubwa kuliko vingine kilikuwa kimeahidiwa kusamehewa kufyeka viwanja, na pia nilikuwa na hamu ya kuona kama huko wilayani kuna mtu anayesoma. Tulizunguka kitongoji kizima kwa mtindo huo, kutoka kivuli hadi kivuli, kila shamba likijifungua watatu. Kijiti hatukukirusha. Mavuno niliyatoa kwenye kitabu cha Kilimo, magunia kumi na tano kwa eka, kwa kuwa mwandishi wa kitabu ni mtu mwenye shahada. Bibi Nyendo alikuwa ametuambia kwamba mahindi yalikauka kabla ya kubeba, na kwamba watoto wale wanangojea lori la serikali. Nilimsikia. Nilikuwa natafuna.

Makadirio yalikuwa yasomwe wilayani Jumatatu. Jumapili nikalala juu ya Kanda ya Kati, na ndipo mtu akabisha hodi kwenye mlango wa darasa.

"Karibu," nikasema.

Eka moja ikaingia.

Ilipita mlangoni kwa shida, imejikunja kama shuka la hospitali, na ilipofika ubaoni ikajikunjua mpaka madirisha ya nyuma, ikaendelea kidogo nje. Haikuwa na udongo, wala jiwe, wala panya. Ilikuwa upana mtupu.

"Shikamoo, baba," ikasema.

"Marahaba," nikajibu, maana nilikuwa nimeizaa Alhamisi. "Unasemaje? Huu ni muda wa prepo."

"Natafuta pa kukaa. Mimi ni eka ya kunde ya Bibi Nyendo. Nimefika kwake nimekuta mahindi yamekwisha kukaa, na kunde zenyewe zimo humohumo, na maboga yamo humohumo. Wameniuliza mimi ni nani. Nimesema nimeandikwa. Wamecheka sana."

Nikaiuliza kama iko peke yake. Ikasema hapana, wenzake wako nje, wamemtanguliza yeye kwa sababu ndiye mwenye adabu. Nikachungulia dirishani. Foleni ilitoka mlangoni petu, ikapita bwalo, ikapita matangi ya maji, ikashuka bondeni na kupanda ng'ambo. Eka za kunde zilisimama upande mmoja na eka za maboga upande wa pili. Zilikuwa kimya, zimevumilia, kama watu waliozoea zahanati.

Chidawali alikuwa amelala kando yangu. Eka iliyoingia ilikuwa imemfunika mpaka mabegani. Akasema asante, akageukia upande wa pili.

Sasa mimi ni mtu wa huruma, na pia nilitaka zisiharibu hewa ya darasa. Nikasimama dirishani nikatangaza kwamba kila eka ikae popote itakapoona panafaa.

Hilo lilikuwa kosa la kiutawala.

Zinakaa. Moja inakaa juu ya uwanja wa mpira, nyingine juu ya bwalo, na wapishi wanaendelea kukoroga uji katikati ya shamba la maboga lisilo na maboga. Moja inakaa juu ya nyumba ya mkuu wa shule. Mkuu anatoka na mswaki mdomoni, anakuta mlango wake uko eka nzima mbali na ukuta wake, anatembea kuufuata, anapotea. Hakuna anayemtafuta, kwa sababu ni Jumapili.

Zilizobaki zinakosa nafasi. Zinaanza kusukumana.

Nilikuwa sijui, nami nawaambia wenzangu wajue, kwamba eka haiwezi kukaa juu ya eka nyingine hata ukiibembeleza. Ikikosa nafasi, inasukuma. Kata ya Chiholwe ikaanza kutanuka. Ikasukuma kata jirani, kata jirani ikasukuma reli, reli ikasogea na treni yake bila abiria kumwaga chai. Mlima mmoja uliokuwa njiani ulisimama, ukakung'uta mbuzi waliokuwa mgongoni, ukasema samahani, ukaenda kukaa mkoa mwingine.

Diwani alifurahi. Kufikia saa ya chakula Chiholwe ilikuwa inapakana na Zambia, naye alikuwa amefungua ofisi ya forodha. Nilitaka kwenda chooni nikaombwa pasipoti.

"Sina," nikamwambia karani wa forodha, ambaye alikuwa boga.

"Choo kiko Zambia," boga likasema. "Uliandika wewe."

Nikalieleza kwamba mimi niliandika eka tu, vyoo sikuvigusa. Boga likaguna kwa namna ya mtu aliyesikia maneno hayo kutoka kwa wengi. Likanisogelea, kwa kubingirika, likauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba mimi ndiye niliyelitenganisha na mahindi.

"Tumekaa pamoja tangu enzi za mababu," likasema. "Yeye juu, mimi chini, kunde katikati anatusengenya wote wawili. Sasa nimepewa eka mbili zangu peke yangu. Jua linanipiga mgongoni. Usiku hakuna wa kuongea naye. Nimekuwa tajiri, bwana mdogo, na nimechoka."

Nikasema pole. Likagonga muhuri kwenye paji la uso wangu, nikavuka, na ng'ambo ya forodha ukawa ni ua wa Bibi Nyendo.

Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga. Hakushangaa kuniona. Alinikaribisha kwa jina la mjukuu, kama ile siku, akasema nimefika wakati mzuri, maana magunia yangu yameletwa.

Kweli yalikuwa yameletwa. Yalijaa uani, yakajaa njiani, yakapanda juu ya paa. Yalisimama wima, yamenenepa, yameshonwa midomo vizuri. Nikagusa moja. Mkono ukapenya mpaka begani bila kukuta punje. Ndani mlikuwa na ubaridi kidogo, kama ndani ya mtungi.

"Umejazwa nini?" nikaliuliza gunia.

"Makadirio," likajibu, kwa majivuno ya gunia jipya.

"Yana uzito?"

"Yana uzito mkubwa sana wilayani. Hapa bado."

Bibi Nyendo akafungua gunia moja, akachota makadirio kwa kata ya kibuyu, akayapeleka kwenye kinu na kuyatwanga. Mchi ulipanda na kushuka bila sauti. Akayapepeta, hakuna pumba iliyoruka. Akabandika maji, yakachemka, akakoroga kwa bidii mpaka jasho likamtoka, kisha akapakua kwenye sinia na kuita wajukuu.

Watoto wakaja, wakanawa. Walikuwa watatu na yule mdogo alikuwa na kaptura ya mtu mkubwa, ameishika kwa mkono mmoja. Wakazunguka sinia. Sinia lilikuwa linang'aa.

"Kuleni," bibi akawaambia. "Huyu kaka yenu ametuandikia kwamba tumeshiba."

Wanakula. Wanamega, wanachovya, wanapeleka mdomoni, wanatafuna. Nami namega, maana si vizuri kukataa chakula cha mtu. Ugali ule hauna moto wala baridi. Ni mwingi. Unaumega na haupungui. Natafuna kwa muda mrefu na ninapomeza koo langu linanitazama, kama koo lingeweza kutazama, na kuniuliza ninafanya nini.

Yule mdogo akaanza kulia.

Bibi Nyendo akamwuliza analia nini na ameshiba. Mtoto akasema ndiyo, ameshiba, lakini tumbo lake halijaambiwa.

Nikamsogezea tonge langu.

Ndipo lori la serikali likaja. Lilikuja polepole, limejaa mahindi ya kweli, punje zikidondoka kwenye nyufa za bodi na kuku wakilifuata kama harusi. Lilisimama mbele ya ua. Halikuwa na dereva. Lilizima taa moja, likasoma magunia yote yale, likaguna.

"Ninyi mna ziada," lori likasema.

"Tunaambiwa," bibi akasema.

"Basi sishushi hapa. Kwa mujibu wa maelekezo, penye ziada napakia."

Bibi Nyendo akalitazama lori, akayatazama magunia, akafuta mikono kwenye khanga. Akasema kwa upole kwamba mzigo wenyewe ndio huo, baba, pakia tu, yeye hana ugomvi na serikali. Lori likateremsha mizani yake, ile ya kuning'inia yenye ndoano, likaanza kupima. Gunia la kwanza likaonyesha sifuri. La pili sifuri. Mizani ikaomba radhi kwamba hali hii haijawahi kuikuta tangu ianze kazi. Ikapima gunia baada ya gunia, ikapima sinia, ikampima hata kuku mmoja kwa kujiridhisha na macho yake.

"Humu ndani kuna kitu chenye uzito," mizani hatimaye ikasema, na ndoano yake ikageuka yenyewe ikaelekea jikoni.

Jikoni kwa Bibi Nyendo, juu ya mafiga, mlikuwa mmetundikwa mbegu. Ni mahindi machache, marefu, yamefungwa kwa maganda yake kwenye boriti, na moshi wa kila siku umeyafanya meusi tii ili mdudu dumuzi asiyaguse. Hayo hayaliwi, hata nyumba ikilala na njaa. Huku kwao mgeni haruhusiwi hata kuyashika, kwa sababu ndiyo mwaka ujao uliobaki.

Ndoano ikaingia jikoni.

"Hayo ni mbegu," bibi akasema.

"Yana uzito," lori likasema. "Penye ziada napakia."

"Mjukuu," bibi akaniambia. Hakupaza sauti. "Mwambie, wewe anakujua."

Nikafungua mdomo niliambie lori kwamba ziada haipo, kwamba kata haikutanuka, kwamba shamba la bibi ni moja. Kilichotoka mdomoni ni magunia. Kila neno nililosema liligeuka gunia, likaanguka uani likiwa limeshonwa tayari, na lori likazidi kuhesabu ziada. Nilivyozidi kueleza, ndivyo bibi alivyozidi kutajirika. Nikafunga mdomo. Nikakimbilia jikoni, nikarukia boriti, nikayakumbatia yale mahindi kwa mikono yote miwili, miguu ikining'inia juu ya majivu.

Ndoano ikaniomba nipishe. Nikakataa kwa kichwa.

"Kijana," sauti nyembamba ikasema karibu na sikio langu. Ilikuwa ya kijiti. Kilikuwa kimechomekwa kwenye paa la nyasi, kimekunja miguu. "Mimi nilikuwa na kazi moja tu duniani, na hukunipa."

Nikakiambia huu si wakati wa lawama.

"Silaumu. Nakupa njia. Maneno yako hayana uzito na magunia yako hayana uzito. Nirushe. Kilichopo nitakapoangukia, hicho ndicho kitakuwa cha kweli, na lori litakikubali. Lakini usiangalie."

Nikaachia mkono mmoja, nikakichukua. Nikalipa shamba mgongo, kadiri mtu aliyening'inia kwenye boriti anavyoweza kulipa shamba mgongo, nikafumba macho, nikakirusha nyuma ya bega.

Kiliruka muda mrefu. Nilikisikia kinapita juu ya eka za kunde, nazo zikainuka kidogo kwa matumaini. Kikapita juu ya maboga. Kikapita forodha bila pasipoti. Kisha kikarudi, kikaniangukia utosini.

Vigingi vinne vikachomoza ardhini, kamba ikanizunguka, mraba ukafungwa. Nilikuwa ndani.

Kilichomo ndani ya mraba kinavunwa. Bibi Shamba aliingia, akiwa na kofia yake ya pikipiki kichwani, akanisalimia vizuri, akanivuna. Haikuuma. Alinimenya sare ya shule kama ganda la hindi, tai ikiwa ya mwisho, akaniweka kwenye mizani mimi na fulana na kaptura, nami bado nimeshikilia mbegu kwa mkono mmoja.

"Hindi moja," akasema, "halijakomaa. Punje chache, mdomo mwingi."

"Sasa lieneze shamba zima," mizani ikasema. "Ndiyo taratibu."

Wakanieneza. Kwenye kila eka iliyokuwa haina kitu akaota Rogasian mmoja, kisha wawili, kisha magunia kumi na tano ya akina Rogasian, kutoka uani kwa bibi hadi Zambia. Walikuwa wamekaa. Wote walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kivulini, na kila mmoja alikuwa na bakuli la bati mkononi na anatafuna.

Niliwatazama kwa muda. Nimezoea kujiona kwenye kioo, huwa sijidharau; lakini sikuwahi kujiona nikiwa wengi namna ile.

Bibi Nyendo akasimama mlangoni pa jiko, yule mtoto wa kaptura amemshika khanga. Akaangalia eka zake mpya na mavuno yake. Akaangalia bakuli zile zote.

"Na hawa," akaniuliza, "nao watakula nini?"

Lori likawasha injini. Ndoano ikashika fungu la mbegu na kuvuta. Nikavuta. Maganda yakaanza kuchanika. Injini ikazidi kunguruma, boriti ikalia, nikashikilia kwa nguvu zangu zote, na bibi alikuwa anangoja jibu.

Nikaamka.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Ilikuwa ya pikipiki, nje ya darasa, kisha ikazimwa. Chidawali alikuwa ananitazama kwa furaha ya mtu aliyemwona mwenzake akidhalilika bure. Akasema nimekoroma mpaka wa kidato cha pili wamekuja kuchungulia.

Mama Sekunda akaingia na kofia yake kwapani. Tulisimama, tukamwamkia. Alisema amepita mara moja tu kutushukuru, maana kesho ni kikao, na katika miaka yake yote hajapata kitongoji chenye eneo kubwa namna ile. Atakapoyasoma makadirio yetu, Chiholwe itapigiwa makofi. Alisema hivyo huku uso wake haufurahi sana. Alisema amepita njia ya huko akija, hakuona mahindi ya kupigiwa makofi, lakini labda yamejificha, macho yake yanaanza kuzeeka. Akaninyooshea mkono.

Nikampa wangu.

Aliushika, akasita, akaugeuza. Kiganja changu kilikuwa cheusi. Nikatazama na cha pili. Cheusi vilevile, masizi mpaka kwenye kucha, na katikati ya vidole nyuzinyuzi kavu za ganda la hindi. Akainua mkono wangu akaunusa, kama watu wa kazi yake wanavyonusa punje.

"Huu ni moshi wa mafiga," akasema. "Umeshika mbegu za nani?"

Nilisema mikono yangu labda imechafuka jikoni kwa wapishi. Akasema jiko la shule ni la gesi, mwaka wa pili sasa.

"Tena huyu hajanyanyuka hapa tangu tutoke bwalo, Mama," Chidawali akaingilia kunisaidia, kwa namna yake. "Kalala kama gunia. Mimi ni shahidi."

Mama Sekunda akamtazama Chidawali, akanitazama mimi, akavitazama viganja. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na mmoja ulikuwa mzuri sana, ulikuwa na binamu ndani yake. Nikafungua mdomo. Nikahisi lile neno la kwanza linavyonenepa kwenye ulimi, limeshonwa mdomo tayari. Nikalimeza.

"Za Bibi Nyendo," nikasema.

"Uliingia mpaka jikoni kwake?"

"Hapana, Mama. Hata shambani sikuingia."

Akavuta kiti cha mwalimu, akakaa. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuwa anasubiri basi na sasa ameliona kwa mbali.

"Shamba lake la mahindi lina eka ngapi?"

"Mbili."

"La kunde?"

"Ni hilohilo."

"La maboga?"

"Hilohilo, Mama."

Chidawali alikuwa ameanza kushuka taratibu chini ya dawati. Mama Sekunda, bila kumtazama, akamwambia aende akalete kamba, na aje na viatu vya kutembelea, kwa sababu jua bado lipo na kikao ni kesho. Chidawali akasema anahisi homa. Akaambiwa homa itapimwa shambani.

Akasimama, akavaa kofia. Alikuwa amekwisha kunisamehe maswali. Angeweza kuondoka na kunibebesha vigingi tu, yakaisha. Nikabaki nimesimama, mikono mbele yangu kama mtu anayengoja kumwagiwa maji.

"Mama," nikasema. "Bibi alituambia kila kitu. Alisema yamekauka kabla ya kubeba. Alisema wanangojea lori. Tulikuwa tunakula kunde zake, nikamsikia vizuri, nikaandika magunia."